Kidole Juu ya Transista

Katika miaka yangu yote ya Kindu, mji wetu huku Kongo, sijaona mwanaume mwenye kuogopa kama fundi wetu wa redio. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mlango wa karakana yake, katika mtaa wa Mikelenge, ulitazama barabara, naye alikaa akiutazama mlango, mgongo ukutani, viatu vimefungwa kamba tayari. Nyuma yake palikuwa na dirisha lisilo na nondo, nyuma ya dirisha shamba la mihogo la mke wake, na nyuma ya shamba njia ya kushuka mtoni. Mara ya kwanza nilipoingia aliniuliza mambo matatu kabla ya kuniuliza shida yangu: nani amenituma, nani ameniona nikiingia, na njiani nimesikia nini.

Mimi nilikuwa mwenye kushika foni ya hospitali. Foni ndiyo ile redio kubwa ya kusema na miji ya mbali, maana simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia wakati ule. Asubuhi na mchana niliiwasha, nikasoma orodha ya dawa zilizokwisha na wagonjwa waliozidi nguvu zetu. Ndipo mji mzima ukaniita Mama Foni. Yeye tulimwita Fundi tu, kana kwamba Kindu haina fundi mwingine, na kwa kazi ile kweli hakuwepo mwingine.

Mke wake alitoka upande wa Pangi, mwanamke wa jembe, haogopi nyoka wala askari. Alipenda kutuambia, "Mi niliolewa na swala. Jani likianguka, bwana yangu iko kule mutoni." Siku moja gurudumu la baiskeli lilipasuka barabarani, tena baiskeli ya mchuuzi wa mawese, na Fundi akaruka dirishani. Walimkuta amelala kifudifudi katikati ya mihogo, chuma cha kusudea, kile cha kuungia nyaya kwa moto, bado mkononi, shati linatoa moshi. Watu walicheka hadi jioni. Yeye alijipangusa udongo, akasema, "Mucheke tu. Siku itakuwa bunduki, mi nitakuwa nimekwisha kulala chini."

Walioacha kucheka kwanza ni wale walioishi upande wa barabara ya Lubutu, maana vita ilipitia kwao. Kisha sote tukaacha. Treni haikuja tena, mashua hazikupanda wala kushuka, na wakulima hawakuthubutu kuleta mchele mjini. Wenye silaha waliushika mji, wenye silaha wengine wakashika msitu, sisi tukabaki katikati, na kila upande uliamini kwamba tunaufanyia kazi upande wa pili. Waya mmoja juu ya paa ulitosha kumpoteza mtu. Fundi aliteremsha antena yake kwa mikono yake mwenyewe na kuizika chini ya mihogo. Redio za watu alizitengeneza bila sauti, kisikilizi kimebanwa katika sikio moja, sikio la pili akaliachia barabara.

Walimwambia akimbilie Alunguli, ng'ambo ya mto. Alikimbia mara tatu. Mara tatu zote alirudi, tena mara moja alirudi kwa mtumbwi uleule uliomvusha, kwa sababu amekumbuka redio ya mtu aliyoiacha imefunguliwa juu ya meza. "Mashini iliyofunguliwa ni kama mugonjwa aliyepasuliwa," aliniambia. "Unakimbia namna gani?" Akasema hivyo huku meno yanagongana. Kutetemeka kwake hakukuwa na msimu. Alitetemeka akila, akisalimia, akiswali. Mkono ulitulia wakati mmoja tu, pale ncha ya chuma cha kusudea ilipogusa risasi ya kuungia, ikayeyuka.

Alikuwa na kipimo cha umeme, lakini kwanza alipima kwa kidole gumba. Alikipitisha juu ya kila kipande ndani ya mashine, polepole, kama mkunga anayepapasa tumbo. "Huyu muzima. Huyu naye muzima. Huyu anaumwa." Pahali pa moto, alisema, ndipo pahali pa shida.

Ndivyo alivyoigundua shida yetu. Batri za hospitali zililishwa na mabamba ya jua, na nguvu yake ilikuwa mara mbili ya ile iliyotakiwa na foni. Katikati palikaa kisanduku. Kisanduku kiliukata umeme wa batri vipande vidogo, maelfu na maelfu kwa sekunde, kikavipitisha katika koili, kisha kikavinyoosha tena viwe umeme mmoja wa kulisha foni. Kazi ya kunyoosha ilifanywa na diodi mbili. Siku moja, katikati ya orodha yangu ya dawa, nikasikia harufu ya plastiki, foni ikakata.

Fundi alikifungua kisanduku palepale chumbani kwangu, akapitisha kidole gumba ndani, akaniita niangalie. Diodi zote mbili zilikuwa nyeusi.

"Mama Foni, unajua bariyeri ya askari?" aliuliza, yaani kile kizuizi cha barabarani ambapo kila mpita njia hutozwa kitu.

"Nani hajui?"

"Diodi njo bariyeri. Umeme unapita kwenda mbele, hauwezi kurudi nyuma. Iko kazi muzuri. Lakini kila unapopita, unaacha kitu. Na kile unaacha kinageuka moto. Ukisema katika foni, umeme mukubwa unapita, moto mukubwa unabaki. Batri yenu inachoka bure, na diodi inaungua."

Tulikwenda pamoja kwa mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Butembo aliyekuwa akiuza vipuri karibu na soko letu. Zamani aliviagiza kwa ndege. Alifungua masanduku yake yote mbele yetu. "Diodi ya ukubwa ule haiko," alisema. "Na ndege ya mizigo haiko. Hata mimi mwenyewe, nikipata pahali pa kukaa katika ndege, hamutaniona tena." Wiki ile aliondoka kweli.

Siku kadhaa Fundi hakuonekana. Nilidhani amekimbia mara ya nne. Kumbe alikuwa amejifungia na mabaki ya kompyuta kutoka ofisi iliyoachwa na wenyewe, anachomoa transista. Alipokuja hospitalini aliziweka katika kiganja changu: vipande vyeusi vya bapa, miguu mitatu kila kimoja, mgongo wa chuma.

"Hizi zitakaa pahali pa diodi," alisema.

"Zinaweza?"

"Karibu hazitozi kitu. Umeme unapita kama bariyeri haiko. Lakini..." Akatazama mlango kabla ya kuendelea. "Diodi inajua yenyewe saa ya kufunga. Transista haijui. Lazima umuambie: sasa fungua, sasa funga. Ukichelewa kumuambia, umeme unarudi nyuma. Zote mbili zinakuwa wazi mara moja. Na hapo kila kitu kinakufa, pa!"

Alipotamka ile "pa" mwenyewe alishtuka.

Alifikiria sana nani atakayeziambia. Mwishowe alitumia koili yenyewe: kutoka kila ncha ya koili alivuta waya mwembamba hadi mguu wa transista ya upande wa pili. Ncha moja ikisukuma, inaifungua transista ya upande wa pili na kuifunga ya upande wake. Ikigeuka, kinyume chake. Transista nne ziliungua mbele yangu, kila moja kwa mlio wa karanga kwenye kikaango, na kila mara aliinama chini ya meza kisha akainuka, akaongeza kipande kidogo cha kuzuia umeme usizidi. Zilipobaki mbili tu hakutaka kuwasha. Nilimwona anaita jina la Mungu. Nikaunganisha batri mimi.

Foni iliwaka. Nikasema, nikajibiwa. Nilisema muda mrefu kwa makusudi, naye kidole chake kikawa juu ya chuma.

"Baridi," alinong'ona. "Mama Foni, baridi kama samaki."

Nilicheka, nikampigia makofi. Yeye alikaa kitini akapangusa uso.

"Sasa naogopa zaidi," alisema.

"Juu ya nini tena?"

"Sababu iko muzuri. Kitu kizuri wanakiona." Kisha akanionyesha zile nyaya mbili nyembamba. "Na hizi usiziguse. Ndani ya transista kuna diodi ndogo, mbaya, hatukuiomba, inazaliwa nayo. Waya moja ukitoka, foni haitakufa. Itasema vilevile. Lakini umeme utapita kwa ile diodi mbaya, na utaona moto yake."

Walikiona kabla ya mwezi kuisha. Foni ya askari, kambini, ilikuwa ikikata kwa joto kila wakati, na mtu akamwambia komanda kwamba ya hospitali inasema kutwa na batri zilezile zilizochoka. Walikuja mchana, nikiwa nimemaliza kusoma orodha. Hawakuniambia neno. Walichomoa foni, kisanduku na batri moja, wakavitupa juu ya mkokoteni wakausukuma kwenye mawe ya barabara ya stesheni. Nilibaki nimekaa mbele ya meza tupu. Haikupita saa moja wakarudi. Safari hii walisema maneno mawili: "Mama, twende."

Njiani nilihesabu nyumba ambazo madirisha yake yalifungwa nilipopita. Komanda alikaa barazani kwa nyumba ya zamani karibu na mto, mtu mwembamba, mpole wa sauti, anachonga kijiti cha meno kwa kisu. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, anatetemeka mwili mzima. Hakunitazama. Foni na kisanduku kilichofunguliwa kifuniko vilikuwa juu ya meza.

"Mama," alisema komanda, "nasikia unasema kwa mafumbo."

"Ni majina ya dawa, mukubwa. Tunayafupisha."

"Unayafupishia nani? Wale wa porini?"

"Hapana, mukubwa. Waganga wa hospitali za miji mingine."

Aliendelea kuchonga kijiti. "Foni yangu na yenu ni ndugu. Yangu inaungua. Yenu haiungui. Nani aliwaletea mashini mupya?"

Fundi akasema, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia, kwamba hakuna mashine mpya. Akaeleza diodi, akaeleza transista, akaeleza nyaya mbili. Komanda alimsikiliza hadi mwisho.

"Mi nilisomea transmisio, kazi ya foni za jeshi," alisema. "Kila kisanduku kina diodi, na kila diodi inapata moto. Weye unasema hii haipati?"

"Haipati, mukubwa."

"Basi weka kidole. Huyu askari atahesabu katika foni mupaka mia. Ikiwa iko baridi, nitaamini hii, na yale mengine ya mama nitaamini pia. Ikipata moto, nyinyi wawili ni waongo katika yote."

Fundi aliweka kidole gumba juu ya transista iliyokuwa karibu naye. Askari akabonyeza, akaanza: moja, mbili, tatu. Alihesabu polepole, kwa sauti ya mtoto wa shule anayependa kusifiwa. Nilitazama kidole kile tu. Katika ishirini Fundi alitetemeka. Katika arobaini alitetemeka. Jasho lilishuka kutoka kidevuni likadondoka mezani. Katika sabini alifumba macho na midomo ikawa inasema kitu bila sauti. Lakini nani angejua? Kila mtu Kindu alimjua kuwa mtu wa kutetemeka na kutoka jasho. Askari walikuwa wanatazamana na kucheka uoga wake. Mia.

"Iko namna gani?" aliuliza komanda.

"Baridi, mukubwa."

"Toka, na mimi niguse."

Fundi aliinua kidole, mkono ukaingia mfukoni. Kwa mkono wa pili alikigeuza kisanduku kidogo, kama mtu anayempa mgeni upande mzuri wa kiti, akaonyesha transista ya pili. "Hii hapa, mukubwa. Usiguse koili, inarusha."

Komanda akagusa. Akatulia. Akagusa tena kwa kidole kingine.

"Kweli," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana amefurahi kama mtu wa kawaida. "Kweli, baridi. Utanifanyia na mimi kama hii."

Walituachia na vitu vyetu. Tulisukuma mkokoteni wenyewe, hatukusemezana hadi tulipoingia uani kwa hospitali. Ndipo alipotoa mkono mfukoni. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa nyeupe, imeinuka, na katikati imebaki alama ya mraba ya mgongo wa transista.

"Waya moja ulitoka," alisema. "Mawe ya stesheni. Ya pili ilibaki muzima. Nilijua tangu ile kumi na tano ya askari."

Mganga wa hospitali alimfunga kitambaa. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kuusude waya ule kwa mkono wa kushoto, na asubuhi niliita kwa foni dawa ya surua, watoto walikuwa wamejaa hadi barazani. Dawa ilifika kwa ndege ya msaada, si yote, lakini ilifika.

Komanda naye alipata kisanduku chake. Fundi alikwenda kambini siku nyingi kukitengeneza, kwa sehemu za kompyuta walizomletea wenyewe, na kwa ajili hiyo watu wa mtaa wake waliacha kumsalimia. Walisema ni mtu wa askari. Mke wake alitukanwa kisimani. Fundi hakujitetea, wala hakuacha kutengeneza redio za haohao waliomtukana. Aliwafungulia mlango, akawauliza yale maswali yake matatu, akachukua redio.

Miaka imepita mingi. Foni ya hospitali imekwisha kutupwa, na mimi nimestaafu. Kisa cha kidole nimekisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, mbele ya wajukuu wangu. Nimewaambia vijana wa Kindu kwamba ushujaa hauna sura moja, na kwamba mtu mwoga kuliko wote ndiye aliyeniokoa.

Sasa vita imerudi mashariki. Miji mikubwa imeanguka, na watu wanafika kwetu na mizigo kichwani, wengine wamelala njiani majuma mawili. Kila siku kuna habari mpya ya mahali wapiganaji walipofika, na kila habari inawaleta karibu zaidi. Adhuhuri moja nikaenda kwa Fundi kuuliza kama wao wanafikiria kuvuka mto.

Yeye sasa ni mzee mkavu, macho yamefifia. Karakana anaiendesha binti yake, anatengeneza simu na chaja. Nilimkuta mzee ameshika chaja mpya iliyofunguliwa, na kioo cha kukuzia.

"Karibu, Mama Foni. Angalia. Transista pahali pa diodi, na kadudu kadogo pembeni kanamuambia saa ya kufunga. Wanafanya kiwandani kitu tulifanya sababu ya kukosa." Aliitikisa. "Nzuri sana. Hata joto haina."

Nilikaa. Nilimuuliza habari ya kuvuka. Alimtuma binti yake sokoni kununua kitu ambacho nadhani hakikuhitajika, akangoja hatua zake zipotee.

"Ile siku ya komanda," alisema, "walinitwaa mimi kwanza, kabla yako."

"Ninajua, Fundi."

"Haujui. Waliniuliza, hii foni inasema na nani. Hawakunipiga. Waliweka bunduki juu ya meza, polepole, kama sahani. Mi nikasema: mulizeni Mama Foni, yeye njo anasemaka kwa mafumbo." Akatazama mlango. "Ile neno ya mafumbo, njo mi niliwapa. Hawakuwa na shida na weye. Mi njo nilikutaja."

Mke wake alikuwa amefika mlangoni na sahani ya wali na sombe, yale majani ya mihogo. Alisimama. Nilitazama uso wake nikaona kwamba alijua, tangu zamani alijua.

Nilikumbuka madirisha yaliyofungwa nikipita. Nilikumbuka harusi zote nilizosimama kumsifu. 

"Juu ya nini unaniambia leo?"

"Sababu wanakuja tena," alisema. "Na mi nimezeeka, siwezi tena kukimbia. Wataniuliza. Watu wa namna ile wanaulizaka. Mi sijui nitataja nani." Mikono yake ilikuwa magotini. "Nataka ukae mbali na mimi, dada yangu. Usikuje tena hapa. Wasikuone ukiingia."

Mke wake akaweka sahani katikati yetu, akaleta maji. Fundi hakunawa. Alikuwa anangoja kuona nitafanya nini. Nilijiuliza, kama wangeanza na mimi siku ile, bunduki ile ikawekwa mezani kwangu polepole, ningetaja nani. Jibu lilikuja upesi mno, na lilikuwa jina lake.

Nilinawa. Nikala matonge matatu. Naye akanawa, akala.

Nilipoinuka alisema tena, "Usikuje, Mama Foni."

"Nitakuja," nilijibu, bila kujua kama ni kweli.

Nilikaa siku nne nyumbani, mlango umefungwa. Siku ya tano nilikwenda kwa Fundi.